Mali ya wakfu haiuzwi: maneno niliyosema Kondoa kuhusu michoro, matembe na mibuyu yetu

Hii ndo hotuba niliyotoa Jumamosi hapa Kondoa mjini, kwenye kikao cha kwanza cha kuanzisha chama chetu cha kulinda urithi wa huku kwetu. Wengi hawakuweza kufika, wengine walikuwa shambani, wengine wako kazini Dodoma, wakaniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na nyie ndugu zetu mliotoka Chamwino na Dodoma mjini, mbukwenyi!

Shikamooni wazee wangu. Shikamooni mama zangu. Wadogo zangu mliosimama kule mlangoni ingieni ndani, mkeka upo, leo hakuna wa kukaa nje.

Naomba nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kufika Kolo kuona michoro ya mapangoni? Nyoosheni mikono, hakuna atakayechekwa. Mnaona? Zaidi ya nusu ya ukumbi. Na Kolo iko barabarani, ukipanda basi la Babati unapita pale pale, lami imefika, kibao kipo. Kuna watu wanavuka bahari kuja kuiona ile michoro na sisi tuliozaliwa chini ya ule mlima tunapita na basi tumelala.

Mi nilifika mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Tulipelekwa na mwalimu wetu, tukapanda ule mlima tukihema, tulipofika juu mwalimu akaangalia mwamba akasema mbona picha hazionekani vizuri, akanituma mimi na mwenzangu tushuke na kidumu tukalete maji. Tukashuka, tukajaza, tukapanda tena, kidumu kinatukata vidole. Mwalimu akachukua yale maji akayamwaga ukutani. Jamani, ile michoro iling'aa! Ule wekundu ulitoka kama umepakwa jana. Watu warefu wembamba, twiga, tembo, mtu ameinama, tukapiga makofi. Nilirudi nyumbani nasimulia kwa fahari kwamba mimi ndo niliyebeba maji.

Miaka mingi baadaye nikarudi pale na mwanangu. Yule kijana anayetembeza wageni akatuonyesha sehemu ya mwamba iliyofifia, ina utando mweupe, akasema hapa watu wamemwagia maji miaka na miaka ili wapige picha. Maji yanaingia kwenye jiwe, yanayeyusha chumvi iliyomo, yakikauka ile chumvi inatoka juu inafunika rangi, na rangi yenyewe inang'oka kidogo kidogo. Nilisimama pale nimemshika mwanangu mkono, sikuweza kusema kitu. Mwalimu wangu hakuwa mtu mbaya. Alitaka tuone. Ila hakuna aliyemwambia. Na sisi hakuna aliyetuambia. Na leo, wazee wangu, watoto wetu nani anawaambia?

Sasa tujue tulichokuwa tunamwagia maji. Ile michoro myekundu, watafiti wengi wanaihusisha na wawindaji na waokota matunda wa zamani sana, na wanaitazama jamii ya Wasandawe, majirani zetu wa kule Kwa Mtoro, kuwa huenda ni kizazi chao. Ile myeupe iliyo juu yake ni ya wakulima waliokuja baadaye, yaani huenda ni mababu zetu sisi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ikayatangaza mapango haya kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, akaja kunakili michoro kwa mkono, mmoja mmoja. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, eneo la kilometa za mraba 2,336, mapango zaidi ya 150 na mengine bado hayajahesabiwa. Hiyo orodha ndo ina Kilimanjaro, ndo ina Ngorongoro. Na sisi tumo.

Kuna mchoro mmoja unaonyesha mtu katikati amevutwa mikono na watu wa pande mbili. Mary Leakey aliuona kama mwanamke anatekwa. Wengine waliokaa na Wasandawe wakaiona ile ngoma yao ya uganga inayoitwa simbo, wakasema hapana, huyu anashikwa na wenzake, amepandisha, wanamganga. Mi sio mtaalamu, lakini hilo la pili linaniingia moyoni zaidi. Hapo ndo naona kwamba mchoro unaweza kuwepo na ukapotea maana, kama wenye maana hawakuulizwa.

Alafu kuna hili la dhahabu. Nasema kwa sababu limo humu humu kwenye familia zetu. Hadithi inasema Wajerumani walipokimbia vita walizika dhahabu kwenye mapango. Watu wamechimba, usiku na mchana. Mjomba wangu alimaliza viangazi vitatu anachimba, akauza mbuzi kununua sururu na chakula cha vibarua, hakupata hata pete. Mjomba alikuwa ananipenda sana na simlaumu, njaa ni njaa. Ila sikilizeni alichokuwa anakitupa pembeni na koleo. Kule Kisese, kwenye pango moja tu, watafiti walichimba taratibu kwa brashi, wakakuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, za zamani kupita miaka 40,000. Arobaini elfu! Kuna mtu alikaa hapa kwetu, akavunja ganda, akalitoboa katikati, akalisugua mpaka likawa duara, akavaa shingoni apendeze. Ile udongo ya chini ya michoro ndo kitabu chenyewe. Ukiichimba ovyo umechana kurasa, na hata ukirudisha udongo wote kwenye shimo hakuna atakayeweza kuusoma tena.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niombe kikao hiki.

Mzee mmoja kaniuliza hapo nje kabla hatujaingia, akasema kijana, ukisema hifadhi mimi roho inashtuka. Nikamwelewa. Wadogo zangu hamuwezi kujua, lakini neno hifadhi hapa Kondoa lina historia. Mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu ardhi ilikuwa imekatika makorongo makubwa, mvua ikinyesha udongo wote unaondoka. Mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo lile. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo. Ni kweli nyasi zilirudi, miti ikarudi, leo tunaona kijani. Lakini kuna familia zilipoteza kila kitu na mpaka leo mzee akisimulia sauti inabadilika. Kwa hiyo nasema mbele yenu wote: chama hiki sio cha kumwondoa mtu. Na sio cha kumfungia mtu mlango wa pango. Wazee wanaofanya matambiko kwenye pango la Mungumi, wanaoomba mvua pale tangu kabla hatujazaliwa, wao ndo wenye nyumba. Hata UNESCO ilipoikubali michoro ilizingatia hilo, kwamba mapango yale bado yanaishi, bado watu wanaomba na kuganga pale. Kama kuna pombe inanyunyizwa inagusa mchoro, hilo tukae na wazee wenyewe tuongee tupate pa kunyunyizia, kwa heshima, sio kwa amri.

Sasa mfano. Uingereza kuna chama kinaitwa National Trust. Sio serikali, ni chama cha hisani cha wananchi. Kilianzishwa tarehe 12 Januari 1895 na watu watatu. Mmoja mama, Octavia Hill, kazi yake ilikuwa kusimamia nyumba za kupanga za maskini wa London, aliona watoto wanakua bila sehemu ya kukimbia wala mti wa kukaa chini yake. Wa pili mwanasheria, Robert Hunter. Wa tatu kasisi, Hardwicke Rawnsley. Mama wa nyumba za kupanga, wakili, na kasisi. Hamuoni kwamba watu hao watatu tunao humu ukumbini?

Zawadi yao ya kwanza ya ardhi ilikuwa kilima kinaitwa Dinas Oleu, kule Wales juu ya bahari, ekari nne na nusu tu, walipewa na mama mmoja aliyekuwa anamiliki. Ekari nne na nusu. Kuna watu hapa wana shamba la alizeti kubwa kuliko hapo. Leo kile chama kina wanachama zaidi ya milioni 5 na kinatunza ardhi kama hekta 250,000, na majumba, na fukwe, kwenye England, Wales na Ireland Kaskazini. Scotland wana chao walichoanzisha 1931.

Lakini sio ukubwa ulionigusa. Kilichonigusa ni hiki: mwaka 1907 bunge lao liliwapitishia sheria kwamba ardhi au nyumba wanayoitangaza kuwa ya daima haiwezi kuuzwa tena. Wao wenyewe viongozi hawawezi kuiuza. Wakipata shida ya hela hawawezi. Serikali ikiitaka kwa nguvu, chama kina haki ya kulipeleka suala bungeni.

Masheikh wangu mlioko hapa, hiyo inaitwaje? (Watu wakajibu: wakfu!) Wakfu! Mtanisahihisha nikikosea, mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mtu akiweka kisima wakfu, kile kisima ni cha wenye kiu mpaka kiyama. Babu zetu Warangi walilijua hili, Wagogo wanalijua, ule msitu wa matambiko hakuna aliyekuwa anakata hata fito, na hapakuwa na askari wala faini. Haiuzwi. Haikatwi. Haigawanywi. Kwa hiyo siwaletei kitu cha kizungu, nawakumbusha cha kwenu.

Najua mnachowaza. Hela ziko wapi? Mwaka 1902 kile chama kilikuwa kichanga, msitu mmoja kando ya ziwa unaitwa Brandlehow ukawa unauzwa, ekari 108, unatakiwa pauni 6,500, na chama hakina. Wakaomba wananchi wachange. Zikaja hela za matajiri ndiyo, ila ilikuja na barua kutoka kwa mfanyakazi wa kiwandani, mji wa Sheffield, ameweka shilingi mbili na nusu. Shilingi mbili na nusu, jamani. Akaandika kwamba maisha yake yote alitamani kuyaona yale maziwa ya eneo lile, sasa hatayaona tena, ila angependa kusaidia yatunzwe kwa ajili ya wengine.

Mi nikisoma habari ya huyu mtu nanyamaza kwanza. Hatayaona. Lakini anachanga. Msitu ukanunuliwa, na mpaka leo mtu yeyote anaingia anatembea. Nakumbuka bibi yangu, miguu ilishamkatalia, hakuweza tena kupanda Mungumi, lakini kila mwaka alikuwa anatoa mtama wake wa tambiko upelekwe. Tofauti iko wapi?

Sasa nihamie kwenye tembe, na hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo panaponiuma.

Babu yangu alikuwa na tembe. Vijana wa mjini, tembe ni nyumba yetu ya asili, ya Wagogo, ya Warangi, kuta za miti na udongo, paa bapa limewekwa fito na nyasi na udongo juu, imezunguka ua, ng'ombe wanalala katikati. Mchana wa Oktoba jua linapasua kichwa, ukiingia ndani ni kama umeingia kwenye mtungi. Babu alipofariki tukakaa kikao cha ukoo tukaamua tujenge ya bati. Tembe tukalibomoa. Zile nguzo ngumu, nyingine babu alizirithi kwa baba yake, tukazifanya kuni za matanga. Mimi nilikuwepo. Nilishika shoka. Na sikuwaza hata kupiga picha.

Sasa mnajua jengo la kwanza kununuliwa na National Trust ni lipi? Mnafikiri ni kasri? Ni nyumba ya zamani ya kasisi katika kijiji cha Alfriston, waliinunua 1896 kwa pauni 10. Nyumba ya mbao na fito zilizokandikwa udongo, imeezekwa nyasi! Ilikuwa inataka kubomolewa. Na sakafu yake ni chokaa ya ardhini iliyoshindiliwa alafu ikasiribwa kwa maziwa. Maziwa gani? Maziwa yaliyochacha. Mama zangu mnacheka, lakini ndivyo. Wakasema nyumba hii ya udongo na nyasi na maziwa ni mali ya taifa, isibomolewe milele, na leo ina miaka zaidi ya 600 bado imesimama.

Na sisi? Tembe lipo Kwihara, Tabora, limetunzwa, ni makumbusho. Limetunzwa kwa sababu gani? Kwa sababu Livingstone alikaa mle mwaka 1872. Sisemi vibaya, ni historia na ni vizuri lipo. Ila swali langu ni hili: tembe alilozaliwa bibi yako lina kosa gani? Kwani mpaka alale mgeni ndo nyumba iwe na thamani? Watu wetu wengi walihamishwa matembe yao wakati wa Operesheni ya vijiji miaka ya sabini, yaliyobaki tunayabomoa wenyewe, na mafundi wanaojua kuezeka lile paa lisivuje ni wazee wa miaka themanini. Wakiondoka wale hata tukipata mabilioni hatutajua tunaanzia wapi. Mi ningependa chama hiki kabla hakijafanya kitu kingine chochote kitafute tembe moja, moja tu, ambalo mwenyewe yuko tayari, na wazee waje wawafundishe vijana kulikarabati.

Kuhusu miti sitachukua muda mrefu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023, kule kaskazini mwa England, watu wawili walikwenda na msumeno wa mashine wakakata mti mmoja. Mti mmoja, umesimama peke yake bondeni kando ya ukuta uliojengwa na Warumi. Ulikuwa chini ya National Trust. Nchi nzima ililia, watu wazima walilia kwenye televisheni. Wale wawili mwaka 2025 wakafungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Mbegu na vikonyo vya ule mti vikaoteshwa, miche 49 ikagawiwa sehemu 49, na kisiki chenyewe kimechipua.

Sasa mbuyu unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1947 serikali ya hao hao Waingereza ilikuja Kongwa kulima karanga, wakaleta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakasukuma pori, wakasukuma na mibuyu. Ule udongo kiangazi unakuwa kama saruji, mvua haikuja walivyohesabu, 1951 wakaacha. Karanga zilikuwa kidogo na mibuyu haikurudi. Walioangusha hawakuijua ile miti. Walikuwa hawajui nani alizaliwa chini ya upi, upi una nyuki, upi ni wa kutambikia. Waliojua hawakuulizwa. Alafu tazameni ardhi ilivyo na mambo, pale pale Kongwa kwenye magofu ya karanga, kuanzia miaka ya sitini Tanzania ikawapa kambi wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Samora Machel alikaa Kongwa. Kila mtoto wa mkoa wa Dodoma inabidi ajue hilo, na makaburi ya waliofia kule yafagiliwe.

Na nisiwafiche kitu. Hao National Trust nao wana madoa. Mwaka 2020 walitoa ripoti yao wenyewe wakasema maeneo 93 wanayoyatunza yana uhusiano na biashara ya utumwa na ukoloni. Kulikuwa na kelele, wengine wakasema mnatuharibia historia. Mi niliwaheshimu kwa lile. Huku kwetu ilipita njia ya misafara, Mpwapwa, Ugogo, mpaka Tabora na Ujiji, pembe za ndovu na watu wamefungwa minyororo. Hiyo nayo ni yetu. Tukiandika kwenye daftari la chama tuandike vyote, hata vinavyouma.

Wakili wetu kaniambia njia ipo, tunaweza kusajili kama taasisi au kama bodi ya wadhamini, na kwenye katiba tuweke kifungu cha wakfu, kwamba kitakachoingia humu hakiuzwi, na viongozi tutakaowachagua, hata mimi, tusiwe na uwezo wa kukiuza. Sheria ya mambo ya kale ya nchi ipo tangu 1964, sisi hatushindani na serikali, mapango ni ya serikali kuyasimamia. Sisi tutakuwa macho ya kijijini. Ofisi iko mbali lakini shimo linachimbwa usiku, na wa kusikia sururu ni jirani.

Daftari liko kwa mama pale karibu na dirisha. Ada niliyopendekeza ni shilingi 1,000 kwa mwezi, asiye nayo aandike jina tu na aandike jambo moja analolijua, mti, chemchemi, wimbo, fundi, kaburi. Wazee wawili wa Mungumi wameshakubali kukaa kwenye kamati na majina yao ndo ya kwanza. Afisa utamaduni tutamfuata Jumatatu, naomba watu watano wa kwenda kumwona.

Na Jumamosi ijayo tunakwenda Kolo wote mlionyoosha mkono. Tukutane stendi saa 12 asubuhi, kila mtu na viatu vya kupandia mlima. Maji bebeni ya kunywa tu. Mimi nitakuja na mwanangu wa mwisho, yuko darasa la sita.